Utafiti Uliotoka Kyela Urudishwe Kyela

Mtafiti anayeshuka Kyela hupokelewa vizuri. Anaanzia kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, anapewa barua ya utambulisho. Barua inampeleka kwa mtendaji wa kata, naye anamwelekeza kwa mtendaji wa kijiji, na huyo anamkabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye atakayezunguka naye nyumba kwa nyumba kwenye matope. Watu wanatoa damu. Wanajibu maswali ya saa nzima huku kazi za shamba zikisubiri. Wanafungua maghala, wanaonyesha kakao waliyoianika na daftari la ushirika. Kisha gari linapandisha mlima kuelekea Tukuyu na Mbeya, na mara nyingi sana habari zinaishia hapo.

Tunasema wazi kwamba utaratibu huu ni mbaya, umevumiliwa muda mrefu mno, na sasa ukomeshwe.

Hatuandiki haya kwa sababu tunadharau utafiti. Tunaandika kwa sababu tunauthamini, na kwa sababu wilaya hii imezungukwa na elimu. Mbeya mjini, safari ya saa chache tu kwa basi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki inayofundisha udaktari, ambako mwanafunzi anausoma mwili wa binadamu kiungo kwa kiungo. Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi inayofundisha sheria. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, kinafundisha wahandisi. Mwili, haki na mashine: mambo matatu ambayo mkulima wa Ipinda au mvuvi wa Matema anayahitaji kila siku yanasomwa mlimani juu yake.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo Kyela imetoa zaidi.

Matende hayakuja huku jana. Tambarare hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa inapokea maji ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na kila masika inajaa madimbwi ambamo mbu hawakosi pa kuzaliana. Mbu hao hubeba vimelea vya Wuchereria bancrofti. Minyoo ikikomaa inakaa ndani ya mirija ya limfu, mirija myembamba inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye mkondo wa damu. Ndani ya mirija hiyo mna vilango vidogo vinavyozuia maji kurudi nyuma. Minyoo inapoitanua, vilango havifungi tena sawasawa. Maji yanatuama mguuni, ngozi inakuwa nene na kupasuka, au maji yanajaa katika kifuko kinachozunguka korodani. Hayo ndiyo mabusha, na wanaume wengi huyaficha kwa miaka chini ya kanzu au suruali pana, wakiona ni aibu au wamerogwa.

Kati ya mwaka 2006 na 2011, Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich nchini Ujerumani, kilifuatilia maelfu ya wakazi wa Mkoa wa Mbeya, wakiwamo wa Kyela, mwaka hadi mwaka. Damu ya watu wa Kyela ndiyo iliyowezesha kujibiwa kwa swali ambalo wataalamu walikuwa wakijiuliza kwa muda mrefu: je, mtu mwenye minyoo ya matende yumo katika hatari zaidi ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi? Mwaka 2016 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha jibu. Ndiyo. Waliokuwa na minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango kinachofikia mara mbili ya wasio nayo, na tofauti hiyo ilijitokeza kwa uzito zaidi kwa vijana.

Ni ugunduzi mkubwa. Unamwambia kijana wa Ikolo kwamba kidonge cha kingatiba alichokidharau, kwa kuwa hakujisikia mgonjwa, huenda kilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Unamwambia mzazi kwamba chandarua si cha malaria peke yake. Madaktari wa London na Boston wameusoma. Kijana wa Ikolo ameusoma wapi? Makala yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, imejaa majedwali ya takwimu, na hata mwalimu wa sekondari asingeimaliza bila msaada.

Tutende haki. Utafiti huu haukuwa wa bure kwa wilaya. Kingatiba ya ivermectin na albendazole iliyoanza kugawiwa huku mwaka 2009 imepunguza sana maambukizi ya minyoo hiyo, ambayo kabla yake ilikuwa kwa takriban robo ya watu waliopimwa, na wanasayansi wa NIMR Mbeya ndio walioendelea kupima na kuthibitisha mafanikio hayo. Tunawapongeza bila kusita. Lakini kingatiba inaua vimelea. Haiwezi kurudisha mguu uliokwisha kuvimba. Mwenye mguu huo anahitaji maarifa mengine, na maarifa hayo ni rahisi kiasi kwamba kutoyafikisha kwake ni kosa kubwa zaidi.

Mguu unaoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu, hadi ndani ya mikunjo ya ngozi. Unakaushwa kwa kitambaa safi kwa kugusisha bila kusugua, na kwa uangalifu zaidi katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ukibaki hapo ngozi hulainika na kupasuka, na bakteria hupata mlango. Penye mchubuko panapakwa dawa. Akikaa, mgonjwa anauinua mguu juu ya kigoda; akilala, anaweka mto au kanga iliyokunjwa chini yake; akiwa hana kazi anazungusha kifundo ili misuli isukume maji yapande. Akifanya hivyo kila siku, homa na maumivu makali yanayomlaza kitandani mara kadhaa kwa mwaka hupungua, na mguu hauendelei kuharibika kwa kasi. Mwenye mabusha anahitaji upasuaji wa kawaida, unaofanyika katika hospitali zetu. Haya yote yanajulikana. Mtu mmoja aliyefundishwa, akisimama mbele ya kijiji na beseni, sabuni na kigoda, anaweza kuyaonyesha kwa nusu saa kwa Kiswahili, na mzee mmoja akitafsiri kwa Kinyakyusa, au kwa Kikisi ukifika Ikombe.

Sasa tuangalie karatasi. Kibali cha maadili kinachotolewa na NIMR kwa utafiti wa afya kina masharti yaliyoandikwa: ripoti ya maendeleo iende Wizara ya Afya, NIMR, kwa mganga mkuu wa mkoa na mganga mkuu wa wilaya kila baada ya miezi sita, ruhusa ya kuchapisha iombwe NIMR, nakala za machapisho zipelekwe wizarani na NIMR. Ni masharti mazuri. Lakini msururu wa wapokeaji unakomea ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kijiji hakimo. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji, haudai kitu na hauletewi kitu. Aliyetoa damu hatajwi popote kama mtu anayestahili jibu.

Kisha kuna fedha. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Adolf Mkenda, ilitangaza tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa mtafiti Mtanzania ambaye makala yake inachapishwa katika jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu. Tuliunga mkono hatua hiyo na bado tunaiunga mkono. Nchi inayotaka wanasayansi lazima iwatunze. Lakini tazama inachokipima. Inapima jarida. Ukichapisha, umeshinda, hata kama kijiji ulichokichunguza hakikupata hata tangazo moja ubaoni. Kupanda cheo vyuoni nako kunapimwa hivyo hivyo, kwa hesabu ya makala. Mhadhiri kijana mwenye moyo wa kurudi Ngonga kueleza matokeo anatumia nauli yake na wiki yake, na akirudi chuoni anakuta mwenzake aliyebaki ofisini akiandika makala ya pili amemtangulia. Taifa linapata lile linalolipia.

Tugeukie sheria, ambako kidonda kilifunuliwa hadharani. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote kwa mara moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk Damas Ndumbaro, aliunda kamati, na mwenyekiti wake alikuwa Dk Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyekuwa mbunge wa Kyela kuanzia 2005 hadi 2020. Mjadala ulikuwa mkali na ulistahili kuwa mkali. Ulihusu sifa za kujiunga, ubora wa ufundishaji vyuoni, ada, lugha ya mtihani.

Kuna swali moja ambalo lilipaswa kutangulia mengine yote. Huyu wakili tunayetaka afaulu, akishafaulu atamtetea nani, na ameifunza sheria kwa kesi za nani? Kijana anayesoma sheria Mbeya anaweza kumaliza miaka yake akijua kwa moyo kesi za Uingereza za karne ya 19 bila kukanyaga Mahakama ya Mwanzo ya kata yoyote ya wilaya hii. Ilhali somo limelala hapa ufukweni. Mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule uliogusa pia Heligoland na Zanzibar, uliuchora mpaka ukifuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hili hadi mdomo wa Mto Songwe. Malawi inasimama juu ya maandishi hayo na kudai maji yote. Tanzania inasimama juu ya kanuni ya mstari wa katikati. Mgogoro ulipamba moto tena baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, na usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mvuvi wa Matema anaposukuma mtumbwi wake alfajiri, nchi mbili hazijakubaliana anaelea juu ya maji ya nani. Na kule Songwe mto wenyewe huhama mafuriko yakija, ukikata kona mpya, na familia inaamka ikiwa upande mwingine wa maji na shamba lake upande huu. Ni chuo gani cha sheria kingehitaji darasa bora kuliko hili? Tasnifu za mpaka zimeandikwa, za kitaifa na za kigeni, na zinakaa maktabani. Kijitabu cha kurasa kumi kwa Kiswahili, kinachomweleza mvuvi haki zake akikamatwa ziwani na afike ofisi ipi kwanza, kina faida kuliko zote hizo kwa watu wa Mwaya.

Hakuna tena kisingizio cha lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakimu anatakiwa kuandika hukumu ambayo mshitakiwa anaielewa. Mtafiti wa sheria anayechunguza mirathi ya wajane wa Kyela na kuacha matokeo kwa Kiingereza peke yake amebaki nyuma ya mahakama yenyewe.

Jambo la tatu ni viwanda, na hapa haki na mashine vinakutana katika gunia moja. Mchele wa Kyela unanukia kabla sufuria haijafunuliwa; jina lake linauza Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar. Ndiyo maana jina hilo linaibwa. Mchele wa mikoa mingine, mzuri au mbaya, unachanganywa, unafungwa upya na kuandikwa Kyela, na faida ya harufu ya udongo wetu inakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kuinama kwenye jaruba la Kajunjumele. Mkulima mwenyewe anauza kwa lumbesa shambani ingawa Sheria ya Vipimo inaikataza, kwa sababu mnunuzi amekuja na gunia lake na mkulima hana mizani.

Nchi nyingine zililinda majina ya mazao yao kwa sheria ya viashiria vya kijiografia, inayosema jina la mahali ni mali ya wanaozalisha mahali hapo. Zanzibar iliweka ulinzi huo katika sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1986 na haikutungwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ni wajibu wa kitivo cha sheria kuandaa hoja, kuandika rasimu, kuipeleka kwa wabunge wa mkoa, na kuwasaidia wakulima wa wilaya hii kuunda chombo cha kulimiliki jina lao. Na ni wajibu wa wahandisi kuonyesha namna ya kuutambua mchele halisi na kuufuatilia kutoka mashine ya kukoboa hadi dukani.

Mada inayopendwa sasa katika uhandisi duniani kote ni kiwanda kinachojiendesha: vihisi vinavyopima joto na unyevu, kamera zinazochambua punje, kompyuta inayorekebisha mashine bila kusubiri mtu. Hatuipingi mada hiyo. Tunataka ishuke ifike Kyela, na hapa haihitaji roboti. Kakao ya wilaya hii, inayoongoza nchini kwa wingi, inavundikwa siku tano hadi saba, imefunikwa kwa majani ya migomba, ikigeuzwa ili joto lienee, kisha inaanikwa mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Siku moja pungufu, ladha haijakomaa. Mvua ikiinyeshea kwenye kichanja, ukungu unaingia na bei inaanguka mnadani. Mkulima anapima kwa kuikamata mkononi na kusikiliza inavyolia. Kipima joto cha kuchomeka kwenye sanduku na kipima unyevu katika kila chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ni vifaa ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuviunganisha. Vingempa mkulima ushahidi wa ubora wake mbele ya mnunuzi, na vingemwondolea sababu ya kuuza kakao mbichi, njemke, kwa walanguzi usiku kabla ya mnada wa stakabadhi ghalani. Bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kila kilo iliyoharibika kwa ukungu ilikuwa ada ya mtoto iliyotupwa.

Wapo wanaosema Kyela haina mazingira ya teknolojia. Waende bandari ya Itungi. Kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine iliunda pale meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, na baadaye MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Vyuma vilikatwa na kuchomelewa kwenye ufuko huu huu.

Tumesikia utetezi wa watafiti na hatuupuuzi. Wanasema mradi ukiisha fedha zimeisha. Mfadhili hakuweka fungu la kurudi kijijini. Basi fungu hilo liwekwe siku ya kwanza, pamoja na mafuta ya gari na posho za wadodosaji. Wanasema matokeo ya VVU ni nyeti. Ni kweli, na hakuna anayeomba majina. Kijiji kinahitaji kujua hali ya kijiji. Wanasema wananchi hawataelewa. Hoja hii tunaikataa kabisa. Watu walioelewa fomu ya ridhaa kiasi cha kuweka dole gumba wanaweza kuelewa kilichopatikana kutokana na dole hilo.

Kwa hiyo gazeti hili linataka mambo yafuatayo, na halitayapunguza. Wizara ya Elimu izuie nusu ya tuzo ya shilingi milioni 50 hadi mtafiti alete muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye mhuri na sahihi ya mwenyekiti, unaoonyesha kuwa matokeo yamesomwa kwa Kiswahili na maswali yamejibiwa. NIMR na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ziongeze kijiji kwenye orodha ya wanaopaswa kupelekewa ripoti. Vyuo vihesabu ripoti hiyo katika kupandisha vyeo. Kitivo chochote cha sheria kinachopeleka wanafunzi mafunzoni kiwapeleke pia kwenye mahakama za mwanzo na mabaraza ya kata, wakakae huko kwa wiki kadhaa.

Lakini hatupaswi kusubiri Dodoma. Barua ya utambulisho inasainiwa hapa hapa wilayani, na kalamu iko mkononi mwa Mkurugenzi. Afungue rejista ya kila utafiti unaoingia: nani, kijiji gani, ulianza lini, matokeo yanarudi lini. Taasisi iliyochukua na haikurudisha isipewe barua ya pili mpaka imalize deni la kwanza. Madiwani waiombe rejista hiyo kwenye kila kikao cha baraza. Na wewe mwananchi wa Ipinda, Ngonga, Mwaya au Matema, siku ukiletewa fomu ya ridhaa, kabla hujasaini muulize aliyeileta ni tarehe gani atarudi na majibu, na umwambie aiandike tarehe hiyo kwenye fomu.